Mrejesho: amplifaya ya santuri za baba
Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa amplifaya ya stereo ya bei nafuu, ya kupigia santuri za marehemu baba hapa Ngamiani, Tanga. Nimepata Yamaha A-S301 iliyotumika: wati 60 kila upande kwa spika za omu 8, na tundu la kuchomekea mashine ya santuri limo humo humo.

Siku ya kwanza ilinguruma mno. Kumbe waya wa ethi wa mashine ya santuri sikuufunga kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya. Nilipoufunga, kimya! Nikabonyeza Pure Direct, sauti isipitie vitufe vya besi na trebo, nikaweka santuri ya Black Star, kundi la taarab la hapa Tanga. Sauti ya mwimbaji wao Shakila ikasimama katikati ya spika, gitaa pembeni. Mama akatoka jikoni, akakaa.

Asanteni sana mlionizuia nisinunue sabufa.