Kupiga kambi na watoto karibu na Mwanza, wapi panafaa?

baba_nyegezi
Wakuu habari za jioni, nina swali naomba msinicheke. Shemeji kahamia Dodoma kaniachia hema la watu wanne, sasa watoto (9 na 6) wameliona stoo kila siku ni baba lini tunalala nje. Nataka usiku mmoja tu, Jumamosi kuamkia Jumapili, gari sina ni daladala na boda. Niliwaza tujitegee tu ufukweni upande wa Igombe, mama yao akasema hema nitalala mwenyewe. Kuna sehemu ya maana ambayo haimalizi mshahara?

ngosha_asilia
Sie tumekua tunalala nje na ng'ombe tukiota bati, leo mtu ana bati anatafuta pa kulala nje 😂😂

mkongwe_kirumba
Achana na huyo mkuu. Nenda kisiwa cha Saanane. Ofisi yao ipo Capri Point, unapanda boti na robo saa haiishi umeshafika. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013 ila sisi wa zamani tunaijua toka ilipokuwa bustani ya wanyama, ile ilianza 1964. Sasa hivi utaona swala, pimbi wamejaa kwenye mawe, na ile mijusi ya kichwa chekundu ambayo wanangu waliifukuza mpaka wakachoka wakalala saa mbili. Beba kitambulisho cha NIDA ulipe bei ya Mtanzania, na keshi hawapokei, unapewa kontrol namba ya kulipia. Ila piga kwanza useme unataka KULALA maana wengi wanaenda kushinda tu, usije ukafika na hema kichwani.

Kisiwa cha Rubondo ndo baba lao, kuna hadi sokwe waliopelekwa miaka ya 60, na siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, ila bado mpaka Nkome halafu boti tena. Kwa usiku mmoja na mtoto wa miaka 6 hapana.

dada_wa_kisesa
Kaka mkeo yuko sahihi kabisa. Kiboko usiku anatoka majini kuja kula majani, na hema lako liko kwenye njia yake, hapo utamwambia nini? Halafu watoto hawatakubali kukaa pembeni ya maji bila kuingia, na penye matete maji yametulia ndo makazi ya konokono wa kichocho.

Mimi nashauri Bujora, daladala mpaka Kisesa kisha boda. Pale kwenye makumbusho ya Wasukuma ulizia sehemu ya hema. Ukibahatisha Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, watoto wataona watu wanacheza ngoma na chatu mkononi, ila usingizi siku hiyo sahau.

fundi_injini_za_boti
Popote uendako angalia upepo. Mwaka juzi tulipiga hema kisiwani na washkaji, jioni maji kama kioo, wavuvi wa dagaa wamewasha taa huko ziwani ungedhani ni mji mwingine. Saa tisa usiku radi, upepo ukaja wa ghafla, na vigingi tulikuwa tumevichomeka kwenye udongo wa inchi mbili juu ya mwamba. Hema likaruka na mtu ndani, yaani kamba moja tu ndo ilimshika. Mwanza ni mawe ndugu, usitegemee vigingi, funga kamba kwenye jiwe ambalo wewe mwenyewe huwezi kulibeba. Ziwa hili radi zake nyingi ni za usiku na alfajiri, jioni isikudanganye. Subiri kiangazi, Juni mpaka Agosti.

baba_nyegezi
Asanteni sana. Ile ya kiboko nimemsomea mama yao, nimejuta maana sasa hata Saanane hataki, kisa kuna maji. Kwa hiyo ni Bujora. @fundi kamba ya manila ya dukani inatosha au kuna ya aina yake?

fundi_injini_za_boti
Manila inatosha, chukua nene na uende na mita za ziada. Na leo leo lifungue hilo hema hapo uani, la stoo hukosi panya katoboa.

ngosha_asilia
Bujora kwetu kabisa, mkisikia njaa nistue nilete viazi vitamu. Kulala mlale wenyewe.