Aliyempa huyu jamaa paswedi ya saiti ya timu ajitokeze, leo namla nyama

Wakuu, simtaji, mliopo chuoni kwetu mshamjua. Naandika mikono inatetemeka.

Saiti ya timu yetu ya roboti nimeijenga miezi mitatu kwa WordPress (programu ya kutengenezea saiti), bando langu, usingizi wangu, picha za mashindano yote nimezipandisha mojamoja. Jana usiku jamaa kaingia cPanel, kule kwenye hostingi saiti inakohifadhiwa, eti "nabadilisha themu tu", kumbe kainstoo WordPress upya juu ya ile ile! Leo wafadhili wamekuja, projekta imewashwa, mlezi wetu kafungua saiti kwa mbwembwe, ukutani linatokea neno: Hello world!

HELLO WORLD wakuu!! Lile posti linalokuja lenyewe kwenye WordPress mpya. Mama mfadhili kalisoma kwa sauti, "halo wald", halafu kaniangalia mimi. Mimi! Na jamaa kakaa nyuma anatafuna sambusa za wageni, anasema "angalau sasa inafunguka fasta". Sambusa mdomoni, halo wald ukutani!

Chapati Ngumu: Angalia trashi, posti hukaa siku 30.

Mleta uzi: Trashi ipi mkuu, databesi yenyewe kaifuta, imebaki halo wald!!

Fundi Waya: Bakapu je?

Mleta uzi: Ilikuwa kwenye folda hiyo hiyo.

Fundi Waya: 😂😂😂 umefunga funguo ndani ya gari

Binti Kitonga: Kwani nani alimpa uadmini? Angepewa Contributor angeandika tu, hata kupablishi asingeweza.

Mleta uzi: Sisi 11 wote ni Administrator, ilikuwa rahisi hivyo.

Binti Kitonga: Sawa, ila admini wa WordPress haingii cPanel. Paswedi ya hostingi alipewa na nani?

Mleta uzi: Hiyo tuiache kwanza.

Chapati Ngumu: Ajitokeze aliwe nyama 🤣

Mzee wa Benchi: Nyie mna saiti mnalia, timu yetu ya mpira mhazini kanunua jezi zina namba 9 tatu na kipa hana.

Fundi Waya: Mhazini wetu yeye kalipa domeni mwaka mmoja akasahau, siku hizi ukifungua unakuta mikeka ya kubeti.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada

Mzee wa Benchi: Sambusa zilikuwa za nyama?

Mleta uzi: Viazi.

Mzee wa Benchi: Mhazini huyo. Mfungulie uzi.