Gumzo la kikundi cha mtaa, Amu (Lamu): ruzuku ndogo tuiombe kwa kazi gani?

Fatma (katibu): Assalamu alaikum wazee wangu na ndugu zangu. Kabla hatujaandika maombi ya ruzuku ndogo kwa ajili ya kikundi chetu cha wavuvi na mama karanga (wanawake wanaokaanga na kuuza samaki), naomba kila mmoja aseme analoliona. Baadhi yenu mmependekeza mashine ya boti, na wengine mnataka fedha ziende kwenye kazi ya kudai haki za maeneo yetu ya uvuvi.

Ami Shee: Wa alaikumus salaam, mwanangu. Mimi nasema mashine. Tangu bahari ya Kililana ichimbwe kwa ajili ya bandari ya Lamu, samaki wa karibu wamepungua, na kijana mwenye dau la tanga hawezi kufika walikokwenda.

Maalim Athman: Ami, njaa unayoisema naijua na siibishi. Lakini mashine moja haitoshi watu wote, na itakapoharibika tutakuwa tulipoanzia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari. Hukumu ile ilipatikana kwa sababu watu walikaa vikao, wakaweka ushahidi pamoja na wakasimama na mawakili wao. Mwaka uliofuata, Baraza la Kitaifa la Mazingira, lile linaloamua kesi za mazingira, lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, huku huku Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Sasa tujiulize kushirikishwa kunagharimu nini. Mtu wa Kiunga au Kizingitini anahitaji nafasi katika boti, chakula na pengine mahali pa kulala, na ripoti ya athari za mazingira yenye mamia ya kurasa za Kiingereza inahitaji mtu wa kuisoma na kutueleza kwa lugha yetu kabla ya siku ya kikao, si baada yake. Mambo hayo hayapigiwi picha, wala si rahisi kumpata mfadhili mkubwa wa kuyalipia, na ndiyo sababu ruzuku ndogo ina thamani kubwa kuliko kiasi chake.

Bwanamkuu: Maalim amenikinaisha. Nimesoma habari za mfuko uitwao RESIST, ulioanzishwa Marekani mwaka 1967 na watu waliopinga vita vya Vietnam, ambao huvipa ruzuku vikundi vya aina yetu. Je, tuwaandikie?

Fatma (katibu): Kaka, huo husaidia vikundi vilivyo Marekani pekee. Mfuko wa Global Greengrants hufika hata Afrika, ila hawapokei maombi yanayotumwa tu. Vikundi hupendekezwa na washauri wao wanaoijua sehemu husika. Ule mpango wa ruzuku ndogo wa GEF (mfuko wa mazingira wa dunia), ulioanza 1992 chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, huvipa fedha vikundi vya jamii, lakini lazima kazi yenyewe iwe ya mazingira. Ulinzi wa mikoko na mazalio ya samaki unaingia humo bila kulazimisha.

Bi Rukia (mweka hazina): Wanangu, nami nina langu. Kwanza cheti chetu cha usajili kiwe sawa na sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, na orodha ya wanachama isahihishwe. Tukichelewa, tunaweza kuliomba shirika lililosajiliwa litupokelee fedha, lakini tuandikiane mapema ni kiasi gani watabakisha kwa gharama zao. Pili, michango yetu ya kila mwezi isikome hata tukipewa ruzuku, kwa sababu kikundi kinachoishi kwa fedha ya mgeni hufuata ratiba ya mgeni. Tatu, na hili linanikera kweli: tulipe nauli na chakula, tusilipe posho ya kukaa kikaoni. Nimeona vikundi vilivyokuwa na nguvu vikifa siku posho ilipokwisha. Risiti zote nitazisoma barazani mbele ya kila mtu, pamoja na zile za mafuta.

Ami Shee: Bi Rukia, hapo umenena. Nitakubali kwa sharti kwamba boti za kubebea watu ziwe za wanachama, kwa bei iliyokubaliwa na wote, na mbele ya maofisa wazungumze wavuvi wenyewe. Tusitafutiwe msemaji asiyejua mkondo wa bahari yetu.

Maalim Athman: Sharti hilo ni la haki, Ami. Liandikwe ndani ya maombi yenyewe.

Fatma (katibu): Nimeliandika. Kesho baada ya Isha tukutane nyumbani kwa Bi Rukia tupange bajeti: usafiri wa boti, tafsiri ya ripoti, na ada ya wakili wa kutushauri. Ami, tafadhali njoo na bei za petroli za Faza na Kiunga, maana hazilingani na za hapa mjini.