Kwa nini wahamiaji wengine husifiwa kwa utangamano na wengine hulaumiwa?

Swali
Ndugu zangu, katika mijadala ya uhamiaji barani Ulaya naona kundi moja likisifiwa kwamba limetangamana na wenyeji, na jingine likilaumiwa kwamba limejitenga, ingawa yote mawili yalikwenda kufanya kazi zilezile. Je, chanzo ni utamaduni wa wageni, au ni jicho la mwenyeji?

Jibu la kwanza
Ndugu, itazame Ujerumani Magharibi, iliyotia saini mkataba wa kuajiri wafanyakazi na Italia mwaka 1955, kisha na Uturuki mwaka 1961, ikitarajia kwamba wote wangerudi kwao. Uajiri huo uliposimamishwa mwaka 1973, Mwitaliano aliendelea kwenda na kurudi, kwa kuwa nchi yake ilikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mturuki, aliyejua kwamba akiondoka huenda asiruhusiwe kuingia tena, alibaki na kuwaita mke na watoto. Wenyeji walipoziona familia hizo mitaani mwao walizungumzia utamaduni wa kujitenga, ilhali ni sheria iliyomfunga baba yao pale. Kinachoniuma zaidi ni kwamba watoto wa Kiitaliano nao walitaabika shuleni kwa miaka mingi, lakini ni nadra kusikia utamaduni wao ukilaumiwa.

Jibu la pili
Nakubali sehemu tu ya maelezo hayo, kwa sababu sheria yenyewe hufuata jicho. Agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu ulinzi wa muda lilikuwapo tangu mwaka 2001, lakini halikutumika Wasyria walipofika kwa wingi mwaka 2015. Lilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 2022 kwa Waukraine, ambao walipata ruhusa ya kuishi na kufanya kazi bila kusubiri maombi ya ukimbizi yaamuliwe. Ujirani na hofu ya vita vilichangia, sikatai, lakini dini na rangi navyo vilikuwa na uzito wake. Anayeruhusiwa kufanya kazi mapema hujifunza lugha kazini, kisha husifiwa kwa bidii yake.

Jibu la tatu
Pamoja na hayo yote, mwenyeji ana haki ya kudai mgeni ajue lugha ya nchi, na mimi naliunga mkono dai hilo. Ila sharti amfundishe: Ujerumani ilianzisha kozi za kitaifa za utangamano mwaka 2005, miaka 50 baada ya mkataba ule na Italia.