Njugu nyasa wakati wa kaskazi: nimwagilie mara ngapi, na nitandaze majani kiasi gani?

Mkulima wa Micheweni
Assalamu alaykum wakulima wenzangu. Nimepanda njugu nyasa mwanzoni mwa Disemba kwenye ardhi ya kichanga, na sasa jua la kaskazi limekuwa kali. Maji nayateka kisimani, kwa hiyo siwezi kuyatumia ovyo. Ninamwagilia kidogo kila jioni, lakini ifikapo adhuhuri majani hunyauka. Maua ya manjano yameanza kutoka. Naomba kuelezwa ratiba ya maji inayofaa, na kama nikitandaza mabua ya mpunga shambani nitazizuia njugu zisiingie ardhini.

Bwana Shamba, Wete
Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umeuliza kwa wakati wake, kwa sababu njugu huvumilia ukame kiasi kabla ya maua, lakini tangu maua yanapotoka, vikonyo (vijiti vinavyoota penye ua na kubeba njugu) vinaposhuka ardhini, hadi punje zinapojaa, ukosefu wa maji hupunguza sana mavuno. Kwa jua hili, mmea uliokwisha kufunika ardhi hutumia takriban milimita 5 hadi 6 kwa siku, yaani lita 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba. Maji ya kurashia kila jioni hulowesha ngozi ya juu tu, na mengi hupotea hewani kabla ya kuifikia mizizi. Mimi ningetoa lita 20 hivi kwa mita ya mraba kila baada ya siku 3 au 4, asubuhi mapema. Kabla ya kunywesha, fukua kina cha kiganja. Mchanga ukishikamana mkononi, subiri. Majani kunyauka adhuhuri na kuinuka jioni si jambo la kutisha, lakini yakiwa yamelala hata alfajiri, mmea umeshaumia.

Jambo moja husahauliwa: ganda la njugu hufyonza madini ya chokaa (kalsiamu) moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, si kupitia mizizi. Tabaka la juu likikauka, chokaa haiyeyuki, na utavuna maganda matupu hata kama mizizi ina maji.

Mkulima wa Bumbwini
Hiyo ndiyo sababu matandazo yana faida kubwa kwenye njugu. Palilia kwanza, kisha yakatekate mabua na uyatandaze sasa, kabla vikonyo havijaanza kushuka, yasizidi unene wa vidole viwili. Vikonyo hupenya tabaka jepesi. Makuti mazima au makumbi yaliyorundikwa huvizuia. Vikishaingia ardhini usipitishe jembe tena karibu na shina. Kagua mchwa mara kwa mara, kwa kuwa hupenda mabua makavu na hutoboa maganda.

Mkaazi wa Makunduchi
Ninaongeza kuhusu kisima. Kama kiko karibu na bahari, usiyavute maji kwa wingi siku moja, kwani chumvi hupanda, na njugu haziivumilii vizuri.

Pia usikate maji mapema kwa kudhani zimekomaa. Joto na ukame katika wiki za mwisho hukaribisha kuvu wanaotengeneza sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki yote kwa kukaanga. Ng'oa mashina machache kuanzia mwanzoni mwa Machi, upasue maganda. Yakiwa mengi yameingia rangi ya kahawia kwa ndani, vuna mara moja, kwani aina za muda mfupi zikikutwa na masika huota humo humo ardhini.