Naomba ushauri: softiboli kwa vijana wa kanisa, glavu saba tu (Malindi)

Mwalimu wa Vijana – Muyeye
Bwana asifiwe ndugu na dada. Kanisani kwetu tunaanza programu ya vijana kila Jumamosi jioni, na tumeletewa vifaa vya softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kituo hadi kituo (besi): glavu saba, magongo mawili ya alumini, mipira minne ya inchi 12 (mzingo) na helmeti mbili. Vijana ni 24, miaka 11 hadi 16, wavulana kwa wasichana. Baadhi ya wasichana wamecheza raundasi shuleni. Wavulana wanajua kandanda tu. Kiwanja ni mchanga mgumu, na upande wa magharibi kuna miarobaini. Nakipimaje? Siku ya kwanza nianze na nini? Na kuna jambo linanichanganya: lini mkimbiaji aguswe, na lini inatosha kukanyaga besi?

Kamba na Jivu
Bwana asifiwe mwalimu. Anza na kiwanja, kwani kikienda upande, hakuna mtu atakayeelewa mpira wa ndani na wa nje.

Besi hadi besi ni futi 60, yaani mita 18.29. Chomeka kijiti hom (pale anaposimama mpigaji), pima mita 25.86 moja kwa moja, chomeka kingine: hiyo ni besi ya pili. Sasa chukua kamba ya mita 36.58, piga fundo katikati kabisa. Ncha moja ishikwe hom, nyingine besi ya pili. Wewe shika fundo uvute kulia mpaka kamba ikaze. Pale fundo liliposimama ni besi ya kwanza. Vuta kushoto upate ya tatu. Kamba ya nailoni ya wavuvi hunyumbuka, basi ipime ikiwa imevutwa. Kwa wadogo tumia mita 15: kamba iwe ya mita 30, na hom hadi besi ya pili mita 21.2.

Hom iweke magharibi, miarobaini ikiwa nyuma yake, ukiacha mita nane wazi. Mpigaji atatazama mashariki, na miti itawakinga walio uwanjani wasipigwe na jua la saa kumi na moja machoni. Mistari chora kwa jivu. Chokaa mbichi ikirushwa na upepo wa kusi ikaingia jichoni, inaunguza.

Besi usijaze gunia mchanga. Mtoto akilikanyaga ukingoni akikimbia, kifundo cha mguu kinapinduka. Kata zulia kuukuu, sentimita 38 kila upande, fukia kingo zake mchangani.

Glavu ya Kushoto
Mwalimu, siku ya kwanza usicheze mechi kabisa. Wafundishe kudaka na kurusha kwa mipira ya tenisi, wawili wawili, mita sita, kisha kumi. Mpira wa inchi 12 una uzito wa gramu 178 hadi 198 na si laini hata kidogo, licha ya jina. Mtoto akiumia vidole Jumamosi ya kwanza, ya pili haji.

Kudaka: mpira ukija juu ya kiuno, vidole vitazame juu, ukija chini ya kiuno, vidole vitazame chini. Kosa utakaloliona ni mtoto kukinga mpira wa kifuani kwa viganja vilivyolala kama anayepokea embe. Mpira unateleza juu ya mkono na kumpiga kidevuni. Mpira unaobingirika ushukiwe kwa magoti, glavu iguse mchanga kabisa, maana kuinua glavu ni rahisi kuliko kuiteremsha kwa haraka.

Kurusha: wengi husimama wakitazama mbele na kuusukuma mpira kwa kiwiko. Waambie wageuze bega, kiwiko kifike usawa wa bega, na mguu ulio kinyume na mkono unaorusha utangulie.

Kagua glavu zako pia. Glavu huvaliwa mkono usiorusha, kwa hiyo mwenye shoto anahitaji ya mkono wa kulia. Kama hamna, asilazimishwe kurusha kwa mkono asiouzoea.

Glavu saba zinatosha. Gawa timu tatu za watu wanane: moja inapiga, moja ipo uwanjani, ya tatu inafanya mazoezi kando. Uwanjani saba wavae glavu, wa nane awe msaidizi wa refa besi ya kwanza. Badilisheni kila baada ya auti tatu, yaani wachezaji watatu wa timu inayopiga wakitolewa.

Mwalimu wa Vijana – Muyeye
Ubarikiwe sana. Na mrushaji je? Nimewaona wakijaribu ule wa kuzungusha mkono kama panga la feni. Hakuna hata mmoja aliyefika hom.

Refa wa Mchangani
Huo uache kwa mwaka huu. Softiboli ya wanaoanza huuawa na mrushaji: boli nne (mirusho mibaya isiyopigika), mpigaji anatembea besi ya kwanza, boli nne tena, anatembea mwingine, na walio uwanjani wanaanza kuchora mchanga kwa vidole. Mtu mzima arushe, mkono chini ya kiuno, kutoka mita kumi, mpira upande juu kati ya mita 1.8 na 3.7. Nyuma tu ya hom tandika kipande cha mkeka, upana wa hom, urefu kama mita moja. Asipoupiga mpira ukaangukia mkeka, ni straiki. Hakuna ubishi, kila mtu anaona. Straiki tatu, auti. Matembezi yafute kwanza.

Sasa swali lako la kugusa. Jiulize: mkimbiaji amelazimika kuondoka? Panga viti vinne vya plastiki vya kanisani vikiwa besi, kiti kimoja mtu mmoja. Mpigaji akipiga mpira chini, lazima akimbilie kiti cha kwanza, kwa hiyo aliyekikalia anasukumwa kwenda cha pili. Anayesukumwa anatolewa kwa mwenye mpira kukanyaga tu besi anayoiendea. Lakini mtu akiwa besi ya pili na ya kwanza ni tupu, hasukumwi na yeyote. Akikimbilia ya tatu lazima aguswe kwa mpira, au kwa glavu yenye mpira. Na hapa ndipo hata wakubwa hukosea: mpigaji akitolewa mapema, hakuna tena anayesukuma, kwa hiyo wa mbele yake sasa lazima aguswe.

Mpira ukidakwa hewani, mpigaji ni auti, na kila mkimbiaji arudi kugusa besi yake kwanza. Besi ya kwanza wafundishe kuipita kwa kasi bila kusimama. Ya pili na ya tatu wasimame juu yake.

Aliyezoea raundasi atataka kukimbia na gongo mkononi, na mwingine atalitupa nyuma. Yeyote anayelitupa, auti, tangu siku ya kwanza.

Dada wa Jumapili
Kama mna dakika kumi za neno, 1 Wakorintho 9:24-25 inahusu wakimbiaji. Waambie pia kwamba mchezo ulianza Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, kwa glavu ya ndondi iliyofungwa ikawa mpira, na jina la softball lilipendekezwa mwaka 1926 na Walter Hakanson wa YMCA ya Denver. Ila mkiwaalika Waadventista, Jumamosi kabla ya jua kutua hawatakuja. Fikirieni Jumapili.

Mwalimu wa Vijana – Muyeye
Asanteni mno. La mwisho: helmeti ni mbili, nimpe mdakaji wa nyuma moja?

Refa wa Mchangani
Hapana mwalimu. Helmeti ya mpigaji haikingi koo, na mdakaji aliyechuchumaa karibu anahitaji barakoa kamili. Mpaka mpate hiyo, asimame mita tatu nyuma ya hom, asichuchumae, auache mpira udunde kwenye mkeka ndipo auokote. Helmeti moja avae mpigaji, ya pili mkimbiaji aliye mbele zaidi, na anayesubiri zamu akae mbali na gongo, kwenye kivuli cha miarobaini.