Likizo ya Desemba na mtoto mwenye usonji: nimwandaeje kwa Januari?

Mama wa Makorora, Tanga

Assalamu alaykum. Mwanangu ana miaka minane, ana usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo), na anasoma darasa la pili hapa mjini. Shule zilipofungwa Juni, kila siku saa kumi na mbili alfajiri alivaa sare, akabeba mkoba na kusimama mlangoni akingoja bajaji, na nilipomwambia kwamba hakuna shule alilia hadi sauti ikamkauka. Alipokwisha kuizoea likizo, Julai ikaingia. Sasa akaikataa sare, na kengele, ambayo ni rimu la gari linalogongwa kwa nondo, ikawa inamfanya ajifiche chini ya dawati. Januari anaingia darasa la tatu, chumba kingine, mwalimu mwingine. Nianzie wapi?

Mwalimu wa kitengo maalumu, Bagamoyo

Waalaykumu salaam, dada yangu. Huo si utundu, wala hukukosea katika malezi. Watoto wengi wenye usonji huishikilia ratiba kwa sababu ndiyo inayowaambia kitakachofuata, na neno "likizo" halimwonyeshi mtoto kitu chochote. Tundika kalenda ukutani, chora nyumba kwenye siku za kukaa nyumbani na shule kwenye siku ya kufungua, kisha kila usiku yeye mwenyewe afute siku iliyokwisha. Anza wiki mbili kabla ya kufunga. Mwombe mwalimu wake wa sasa aandike ukurasa mmoja kwa mwalimu wa darasa la tatu, aeleze kinachomtuliza na dalili anazoonyesha kabla hajalia, na ukurasa huo uandikwe kabla walimu hawajatawanyika. Wiki ya mwisho ya likizo omba ruhusa mwende shuleni kukiwa kimya, akae kwenye dawati lake, aone choo, na aligonge lile rimu kwa mkono wake, taratibu. Wanafunzi wangu kadhaa waliacha kuiogopa kengele kwa njia hiyo. Ukiambiwa kwamba shule haimwezi, kumbuka kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambulia haki ya elimu kama watoto wengine.

Baba wa Pongwe

Shikamoo mwalimu. Naongeza la sare. Shati jipya ni gumu na lebo yake humkwaruza binti yetu shingoni, kwa hiyo tunaikata, tunalifua mara tatu au nne, naye hulivaa nyumbani jioni kwa muda mfupi. Pia tulikuwa tukirudi kutoka kwa bibi yake Muheza siku moja kabla ya shule. Sasa tunarudi wiki nzima kabla.

Mama wa Raskazone

Yote ni mazuri, ila naomba likizo isigeuzwe shule ya pili. Wangu hujizuia darasani mchana kutwa, akifika nyumbani hulipuka, na anahitaji kupumzika kwelikweli. Mimi hushikilia saa ya kuamka, ya kula na ya kulala tu, mengine namwachia. Ndugu wanaosema achapwe atanyooka, nimewakatalia waziwazi.

Mama wa Makorora, Tanga

Nawashukuru kwa moyo wote. Kalenda nimenunua jana. Nyumba niliyochora ameikubali, lakini picha ya shule ameifuta akachora bajaji. Nimeshazungumza na dereva wake: Jumamosi ya mwisho ya likizo atampitisha njia ileile mpaka getini, kisha amrudishe.